TUIRUDISHE MANDARI YA MEI MOSI

Hotuba ya mwanachama, mwalimu mstaafu, katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Korogwe waishio Dar es Salaam

   

Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote ya kazi, najua kipindi kikizidi muda watoto husikiliza kengele, hawamsikilizi mwalimu. Nitajitahidi.

Kamati imenituma nilete ombi moja. Tunaomba mkutano huu ukubali kuirudisha mandari ya Mei Mosi kule nyumbani. Vijana mnaita pikiniki, nasi tulipokuwa watoto tuliita pikiniki. Wazee wetu waliita mandari. Ni kitu kimoja: watu kutoka majumbani, kwenda mahali pa wazi, kula pamoja na kurudi jioni wamechoka kwa furaha.

Najua baadhi yenu mmekwisha kukunja uso. Mwaka jana jambo hili lilipotajwa, ndugu yetu mmoja alisimama akasema, "Shule haina vyoo vya kutosha, nyinyi mnataka kula pilau?" Alipigiwa makofi, na hata mimi nilipiga. Swali lake ni la haki, na sitalikimbia. Lakini kwanza nipeni nafasi niwaeleze mandari ile ilikuwa nini, maana wengi humu ndani hamkuiona.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Mwaka huo huo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kuja bara, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Mkonge na reli ndivyo vilivyoukuza mji wetu. Lakini mkonge haujikati wenyewe. Watu waliletwa kutoka Songea, Iringa, Kigoma, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Waliandikwa mkataba wakapewa namba, na kwa hiyo namba wakaitwa manamba. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Songea akiwa kijana. Alikuwa akituambia kwamba alipewa namba kabla hajapewa panga, na kwamba kwa muda mrefu karani wa shamba hakulijua jina lake.

Alikata mkonge miaka mingi. Nani humu ndani amewahi kukata mkonge? Naona mikono miwili ya wazee, Mungu awaweke. Basi wao wanajua. Unaingia shambani alfajiri, jani lina mwiba nchani, unakata, unaondoa mwiba, unafunga mabunda ya majani thelathini thelathini, unabeba mpaka njiani. Ngwe isipokwisha, siku haihesabiwi. Baadaye baba alihamishiwa kiwandani, kwenye korona, ile mashine inayosaga jani na kutoa singa.

Sasa, Mei Mosi. Mnajua ilikotoka. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai kazi iwe saa nane kwa siku. Mji uliowaka zaidi ni Chicago. Siku tatu baadaye bomu lilirushwa kwenye mkutano wao pale Haymarket, watu wakafa, na viongozi wanane wa wafanyakazi wakatiwa hatiani. Wanne kati yao walinyongwa mwezi Novemba 1887. Mwaka 1889 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris ukaamua kwamba tarehe 1 Mei iwe siku ya wafanyakazi duniani, na kuanzia 1890 ikaadhimishwa.

Mtasema Chicago ni mbali. Sawa, basi njooni karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakata mkonge wa Mazinde, ndani ya wilaya yetu wenyewe, waligoma kwa muda mrefu, wakavumilia njaa pamoja na watoto wao. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilikuwa limeanzishwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, huyu huyu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo Mei Mosi si sikukuu ya kuazima. Wazee wetu waliilipia.

Nilipokuwa msichana mdogo, miaka ya 1970, shamba tulilokaa lilikuwa na mandari kila mwaka siku hiyo. Asubuhi trekta lilikuja kambini likivuta tela, tunapakiwa watoto na masufuria, tunapelekwa kwenye miembe karibu na Mto Pangani. Kila kabila lilileta ngoma yake. Wangoni walicheza lizombe, Wamakonde sindimba, Wasambaa mdumange. Kambi zilishindana kuvuta kamba, na kamba yenyewe ilisokotwa kwa singa za mkonge walioukata wao. Watoto tulikimbia na magunia. Wazee walikaa kwenye bao. Siku hiyo mnyapara na mkata mkonge walikaa mkeka mmoja.

Lakini kitu ninachotaka mkikumbuke hakikuwa ngoma wala pilau. Chini ya mwembe mmoja kulikuwa na meza. Nyuma ya meza alikaa karani mmoja wa tawi la wafanyakazi, mzee mwembamba mwenye miwani, na kalamu mbili mfukoni. Kila aliyepita pale aliulizwa swali moja: "Umelipwa?"

Baba yangu alipita pale mwaka mmoja akiwa amefunga kitambaa mkono wa kushoto. Korona ilikuwa imemkata vidole viwili miezi kadhaa kabla. Karani akamwuliza, "Umelipwa?" Baba akajibu, "Mshahara nimelipwa." Karani akasema, "Sikuulizi mshahara. Nakuuliza vidole." Baba hakujua kwamba vidole hulipwa. Aliambiwa kazini kwamba ile ni ajali, ni mapenzi ya Mungu, arudi akipona. Sheria ya fidia ilikuwapo, ila haikuwahi kufika kambini kwetu. Karani aliandika barua pale pale, juu ya meza ile, watoto tukiwa tunapiga kelele pembeni. Ilichukua muda, barua zikaenda zikarudi, lakini fedha ilitoka. Fedha ile ndiyo iliyonunua sare yangu na sanduku la bati nililokwenda nalo sekondari. Ndugu zangu, mimi ni mwalimu kwa sababu ya meza iliyowekwa chini ya mwembe siku ya Mei Mosi.

Mandari ilikufaje? Haikufa siku moja. Bei ya mkonge ilishuka duniani kamba za nailoni zilipoingia sokoni. Mashamba yakadhoofika, mishahara ikachelewa, trekta likakosa mafuta. Mwaka mmoja wakasema tutafanya mwakani. Mwakani hawakusema kitu. Sisi tukakua, tukapanda mabasi, tukaja Dar es Salaam. Tukaanzisha chama hiki cha kuzikana na kusaidiana, na ni chama kizuri. Lakini tunakutana kwenye misiba. Mtu akifiwa tunajuana. Mtu akionewa kazini, hatujui.

Hapo ndipo nataka niseme habari ya kijana wetu mmoja. Nimemwomba ruhusa, akakubali mradi nisimtaje jina. Alikuwa mlinzi hapa mjini kwa miaka kadhaa. Alifanya kazi usiku, alifanya kazi Idi, Krismasi na Mei Mosi yenyewe, na siku za sikukuu alilipwa kama siku nyingine zote. Siku moja aliambiwa kwa simu asije tena. Hakupewa barua wala sababu. Akaona haya. Akarudi nyumbani, akawaambia wazazi yuko likizo. Mimi nilikuja kujua nilipokutana naye msibani, na wakati huo ilikuwa imepita miezi mitatu.

Mnajua sheria inasemaje? Mtu akiachishwa kazi isivyo halali, ana siku 30 kupeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku thelathini tu. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini lazima uwe na sababu ya kuridhisha. Yeye alipoulizwa sababu, alisema ukweli: sikujua. Kutojua hakukumsaidia. Na katika miezi ile mitatu alihudhuria misiba miwili ya chama hiki. Alikaa mkeka mmoja na mwanasheria wetu, na afisa kazi wetu mstaafu, na mimi. Tulimpa pole ya msiba, tukamwuliza habari za nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Umelipwa?"

Lile jambo linaniuma mpaka leo. Tulikuwa na watu wenye elimu waliohitajika, tulikuwa na kijana mwenye shida, wote kwenye mkeka mmoja. Kilichokosekana ni mahali ambapo kuuliza si kumwaibisha mtu. Msibani huwezi kuuliza mambo ya mshahara. Harusini huwezi. Mandari ya Mei Mosi ndiyo mahali pake, kwa sababu siku yenyewe ni ya kazi, na kila mtu anaulizwa, mkubwa kwa mdogo.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa vyoo. Ndugu yangu, uko pale nyuma, nakuona. Mimi nimefundisha shule ambayo wasichana walikuwa wakibaki nyumbani siku zao kwa sababu ya choo. Sitakuwa mtu wa kusema pilau kwanza. Lakini nikuulize: mweka hazina wetu akifungua daftari lake, majina ya wanaochanga ni ya nani? Ni sisi sisi wenye mvi. Watoto wetu waliozaliwa Mbagala na Tabata, wanaijua Korogwe kama kituo cha basi la Arusha, mahali pa kununua machungwa dirishani. Utamwambiaje mtu achangie vyoo vya shule ambayo hajawahi kuiona? Mtu huchangia anakokujua. Wahenga walisema shughuli ni watu. Tukiwakosa watu, hata vyoo hatutajenga.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi.

Kwanza, mahali na wakati. Mandari ifanyike tarehe 1 Mei ijayo, baada ya maandamano ya wilaya, tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Wenye kuandamana waandamane kwanza, waje na mabango yao. Lakini tusijidanganye, Mei ni masika. Wazee wanakumbuka miaka tuliyokula wali uliolowa, na mto ukijaa si mahali pa kupeleka watoto. Kamati imezungumza na shule ya msingi moja ya mjini. Kiwanja kipo, miti ipo, na mvua ikija tutaingia madarasani. Na wakija pale wataviona vyoo vyenyewe kwa macho. Sitalazimika kuwahutubia tena.

Pili, meza. Meza irudi. Afisa kazi wetu mstaafu amekubali kukaa, mwanasheria wetu amekubali, na dada yetu anayefanya kazi ya utumishi amekubali. Kila mtu mzima atakayekuja apite pale. Aje na mkataba wake kama anao. Kama hana, aje aulize kwa nini hana, maana mwajiri anatakiwa kumpa masharti ya kazi kwa maandishi. Aje na hati ya mshahara. Aje na namba yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, tuangalie pamoja kama michango inayokatwa inafika. Wako watu wanaokatwa kila mwezi na hawajawahi kutazama.

Na kuna mambo mepesi ambayo tutayaandika kwa herufi kubwa tubandike ukutani, mtoto wa darasa la tano aweze kuyasoma. Kazi za kawaida hazizidi saa 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28, kwa malipo. Mama akijifungua ana siku 84, na akijifungua pacha ni siku 100. Ukifanya kazi siku ya sikukuu ya taifa, kila saa hulipwa mara mbili. Ukiumia kazini, kuna mfuko wa fidia, na anayeuchangia ni mwajiri, si wewe. Ukiachishwa, hesabu siku 30.

Wenye bodaboda, mama lishe, na wenye mashamba ya machungwa msiseme haya hayatuhusu. Ninyi mmejiajiri, lakini uzee utawakuta kama unavyomkuta karani. NSSF inapokea hata mtu aliyejiajiri. Pale mezani mtaelezwa.

Tatu, na hili nawaomba akina baba mnisikilize vizuri. Nimeisifia mandari ya zamani, lakini ilikuwa na dosari moja kubwa. Mama yangu mzazi alikwenda kwenye mandari ile miaka yote, na hakuwahi kuiona. Aliamka saa tisa ya usiku kuchambua mchele. Trekta lilipofika, yeye alikuwa tayari yuko motoni. Kamba ilivutwa yeye akikoroga, ngoma ikachezwa yeye akipakua, na watu waliporudi nyumbani yeye alikuwa mtoni anasugua masufuria. Ile meza ya karani ilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye jiko lake. Hakuna aliyemwuliza mama yangu kama amelipwa. Siku ya wafanyakazi, wanawake wale ndio waliofanya kazi kuliko siku zote.

Mandari yetu tukiirudisha na dosari hiyo, ni afadhali tuiache ilale. Kamati inapendekeza chakula kipikwe na akina mama lishe wa stendi kwa makubaliano ya maandishi, walipwe kabla ya kuwasha moto, na walipwe mara mbili kwa kuwa ni sikukuu. Kupakua na kuosha vyombo tutafanya sisi wajumbe wa kamati, kwa zamu, wanaume kwa wanawake. Mwenyekiti, jina lako liko kwenye zamu ya kwanza. Nawaona mnacheka, lakini ameshakubali.

Na wale wenye wasichana wa kazi majumbani, msiwaache nyumbani walinde mlango. Wengi wao mliwachukua kule kule kwetu, wana wazazi wao kule. Waje nao kama wageni, si kama wabeba watoto. Nao wapite mezani. Najua hapa pamekuwa kimya kidogo. Nyumbani kwangu pia kuna binti, na nilipokuwa naandika maneno haya nilimwuliza lini mara ya mwisho alipata siku nzima ya kupumzika. Hakukumbuka, na mimi sikukumbuka. Kwa hiyo kimya hiki ni changu pia.

Nne, jukwaa. Kule hakutakuwa na hotuba zaidi ya moja, na isizidi dakika kumi. Mgeni wa chama chochote cha siasa anakaribishwa kula, kuvuta kamba na kuosha sahani. Kuhutubia ataenda kwingine.

Tano ni fedha, na ndiyo sababu mmeitwa leo. Kamati haitaki kiwango kimoja kwa wote, maana mishahara yetu haifanani. Tunaomba kila mwanachama atoe kipato chake cha siku moja. Daktari atoe siku yake, dereva siku yake, mwenye genge siku yake. Wastaafu tugawe pensheni ya mwezi kwa siku thelathini, tutoe moja. Asiye na kazi kwa sasa asitoe kitu, ila aje mapema tupange viti pamoja. Nusu ya michango itakwenda kwenye mandari na nusu kwenye vyoo vya wasichana, na hesabu zote mbili zitabandikwa siku ile ile, karibu na meza, kila mtu asome. Ndugu yangu wa vyoo, kamati inakuomba wewe ndiwe usimamie nusu ya pili.

Mwenye mbuzi kule nyumbani atoe mbuzi. Mwenye basi atupunguzie nauli ya usiku wa kuamkia Mei Mosi. Mwenye turubai alete. Na mwenye ndugu bado yuko shambani kwenye mkonge, amwombe atusokotee kamba. Sitaki ya nailoni.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie. Baba alifariki akiwa mzee. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, na alipenda kuuonyesha kwa wajukuu. Alikuwa akiwaambia, "Viwili nilivipoteza, lakini nililipwa." Alilisema kwa namna ya mtu aliyeshinda kesi. Zile hazikuwa fedha nyingi. Kilichomfurahisha ni kwamba siku moja mtu alimwona kwenye umati, akalijali jeraha lake, akamwuliza, akaandika jina lake kamili kwenye karatasi, jina, si namba.

Hiyo ndiyo kazi ninayowaombea mandari. Mweka Hazina amekaa pale mlangoni na daftari. Ukipita, andika jina lako na siku yako. Naye ameagizwa kukuuliza swali moja kabla hujaandika. Swali mnalijua.